Sekela na Milango ya Kijani

Sogeeni, watoto. Mwenye kusinzia na asinzie, ila masikio ayaache wazi.

Kuna msichana anaitwa Sekela. Ana miaka sita, na sauti yake ni ndogo sana. Akisema "shikamoo", watu wazima huinama ndipo waisikie.

Sekela anaishi na mama yake juu milimani, katikati ya mashamba ya chai. Huko ni baridi. Asubuhi watu huvaa sweta, na mchana huvaa sweta hiyo hiyo.

Nyumba za wachuma chai zimejengwa kwa mstari mmoja mrefu. Mstari huo watu huuita laini. Laini ya kina Sekela ina milango kumi na miwili.

Ukuta mweupe, mlango mweupe. Ukuta mweupe, mlango mweupe. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Ukianza kuhesabu upande wa bomba la maji, mlango wa kina Sekela ni wa tano. Ukianza upande wa pili, ni wa nane. Sekela anajua kuhesabu vizuri tu. Shida yake ni kwamba husahau aanzie wapi.

Mama huchuma chai tangu asubuhi mpaka chai ipimwe kwenye mizani. Kwa hiyo Sekela hutangulia kufika nyumbani kutoka shule. Wenzake wa darasani wanakaa laini ya chini, na kile kipande cha mwisho cha njia hukitembea peke yake.

Kila siku akifika kwenye laini, tumbo lake hukaza. Hujiuliza kimoyomoyo:

"Mlango, mlango,
mlango wetu ni upi?"

Siku moja alichagua mlango. Akafungua komeo, kliki. Akaingia moja kwa moja, kama mtu anavyoingia kwao.

Hapakuwa kwao.

Ndani alikaa Mzee Tweve, bawabu wa kiwanda cha chai. Mzee Tweve hulinda lango usiku, na mchana ndipo anapokula. Alikuwa ameinua kijiko cha mchuzi. Alipomwona mtoto ameibuka mbele yake bila hodi, alishtuka. Kijiko kikaanguka, kling. Mchuzi ukamwagikia suruali.

Sekela alitaka kuomba samahani. Mdomo ulifunguka, lakini sauti haikutoka. Akakimbia.

Tangu siku hiyo Sekela aliogopa milango. Aliogopa kuingia bila hodi, maana tayari alikuwa amemwaga mchuzi wa watu. Kupiga hodi aliogopa vilevile, maana hakujua nani angejibu. Basi akawa anasimama nje kwenye baridi, mkoba mgongoni, mpaka Mama arudi.

Mama alimkuta nje siku ya kwanza. Akamkuta siku ya pili. Siku ya tatu midomo ya Sekela ilikuwa inatetemeka, na Mama akamuuliza kwa nini haingii ndani. Sekela akamwambia yote, hata habari ya mchuzi.

Mama hakucheka. Alifikiri jioni nzima huku akisonga ugali, na ugali ukaungua kidogo kwa chini. Walipokuwa wanakula ule ugali ulioungua, akasema kwamba atapaka nyumba rangi.

"Yetu itakuwa ya peke yake," alisema Mama. "Hutakosea tena."

Mama akaomba ruhusa kwa nyapara, mkubwa wa wachuma chai. Nyapara akamwambia apake tu, mradi asipake na paa.

Jumapili Mama alirudi kutoka mjini na ndoo ya rangi nyeupe na brashi moja kubwa. Kwenye mkoba alikuwa na vichupa viwili. Kimoja kilikuwa na rangi ya kijani, kingine rangi nyeusi.

Akamimina kijani ndani ya nyeupe. Akakoroga kwa kijiti. Koro, koro, koro. Kikatokea kijani kikali, cha kuumiza macho. Mama akasema nyumba ya rangi hiyo ingewanyima usingizi.

Akachukua kichupa cheusi. Kazi ya Sekela ilikuwa kuhesabu matone.

Ti. Moja. Koro, koro, koro.

Ti. Mbili. Koro, koro, koro.

Kila tone lilipoingia, kijani kilipunguza ukali wake. Lilipoingia tone la saba, Mama akaacha kukoroga. Kijani kilikuwa kimepoa. Kilifanana na njegere kavu, zile za kwenye gunia. Sekela aliinamia ndoo akakitazama, na moyo wake ukatulia.

Swashi, swashi. Mama akapaka ukuta wa mbele.

Swashi, swashi. Akapaka mlango.

Swashi, swashi. Ndani akapaka ukuta ulio kando ya kitanda cha Sekela. Sekela naye alipaka kule chini anakofika. Alipaka na pua yake.

Jumatatu Sekela alitoka shule. Alifika kwenye laini, tumbo likakaza kama kawaida. Kisha akatazama.

Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Kijani.

Akafungua komeo, kliki. Akaingia. Kitanda chake kilikuwepo, na chupa nyekundu ya chai ya Mama ilikuwepo mezani. Sekela alikaa kitandani na kucheka peke yake.

Jumanne ilikuwa hivyo hivyo. Jumatano Sekela alikuja akirukaruka njia nzima, na hakujiuliza chochote.

Lakini majirani wana macho. Jumatano hiyo hiyo jioni, Mama Ambwene wa mlango wa nne alikuja na bakuli mkononi na mtoto mgongoni. Aliisifu rangi. Akaupapasa ukuta. Akaisifu tena. Mtu akisifu mara mbili huku ameshika bakuli, jueni kuna kitu anataka.

Mama akammiminia rangi yote iliyobaki. Akasema kizuri kula na mwenzio.

Sekela alilitazama bakuli likiondoka. Akalisindikiza kwa macho mpaka mlango wa nne.

Kesho yake, swashi, swashi. Milango ya kijani ikawa miwili.

Ijumaa akaja Mzee Tweve. Sekela alipomsikia anapiga hodi, aliingia chini ya kitanda. Kutoka huko aliviona viatu vya Mzee Tweve tu, na viatu havisemi kama mtu bado ana hasira ya mchuzi.

Mzee Tweve alitaka kujua rangi ile ilichanganywaje. Mama hakuficha. Kichupa kizima cha kijani, matone saba ya nyeusi, koroga mpaka mkono uchoke. Mzee Tweve akawaambia watu wa mlango wa pili. Wa pili wakawaambia wa kwanza. Upande wa huku Mama Ambwene akamwambia wa sita, naye wa sita hawezi kukaa na neno mdomoni.

Jumapili iliyofuata laini nzima ilikuwa nje na ndoo.

Swashi, swashi. Swashi, swashi. Swashi, swashi.

Watu waliimba. Walipakana rangi mashavuni. Kila aliyepita alimshukuru Mama Sekela kwa kuipendezesha laini, na Mama alitabasamu mpaka jua likazama.

Sekela alisimama katikati ya uwanja na kuhesabu. Milango ya kijani ilikuwa saba. Ikawa tisa. Ikawa kumi na mmoja.

Brashi ya mwisho ikapita, swashi. Kumi na miwili.

"Mlango, mlango,
mlango wetu ni upi?"

Alitaka kumwambia Mama. Lakini Mama alikuwa na furaha, na Sekela hakutaka kuiharibu. Akaimeza hofu yake. Tatizo la hofu ni kwamba ukiimeza haishuki tumboni. Hukaa kooni.

Jumatatu asubuhi Sekela alipata akili. Alichukua kitambaa chekundu, akakifunga kwenye komeo la mlango wao. Mlango wenye kitambaa ndio wetu, alijiambia. Akaenda shule ameridhika.

Hakumwona mbuzi wa Mama Ambwene. Mbuzi yule alikuwa amesimama hapo hapo, anatazama, na haya hana hata kidogo.

Mchana Sekela alirudi akatafuta kitambaa. Hakikuwepo popote. Mbuzi alikuwa amelala katikati ya uwanja, na kinywani alikuwa anatafuna kitu chekundu.

Sekela alisimama nje mpaka Mama alipofika. Mama alimuuliza anafanya nini pale. Sekela akajibu kwamba anaota jua. Siku hiyo hapakuwa na jua hata la kupaka kwenye mkate.

Jumanne, ukungu ukashuka.

Ulianzia kwenye msitu wa juu. Ukateremka polepole, ukafunika mashamba ya chai. Ukafunika barabara. Mwalimu alichungulia dirishani na kuwaambia watoto wa darasa la kwanza waende nyumbani mapema, tena waende pamoja.

Walikwenda pamoja, wameshikana mikoba. Lakini laini ya chini iko chini. Wenzake wakaingia makwao mmoja mmoja, na Sekela akabaki peke yake na kile kipande chake cha njia.

Viatu vyake vya mvua vilikanyaga matope. Chwap, chwap. Chwap, chwap.

Akisimama, navyo vinanyamaza. Ukungu haukuwa na sauti yoyote.

Alijua amefika kwenye laini kwa sababu njia iliacha kupanda. Akatazama mbele. Hapakuwa na laini.

Kijani kilichopoa kilikuwa kimeingia ndani ya ukungu. Huwezi kusema ukuta unaanzia wapi na ukungu unaishia wapi. Nyumba kumi na mbili zilikuwa zimepotea, na Mama hakuwepo.

Sekela aliogopa. Aliogopa kweli kweli.

Akanyoosha mkono. Akatembea hatua moja, chwap. Hatua mbili, chwap. Vidole vyake vikagusa kitu cha baridi. Ulikuwa ukuta.

Akaufuata ukuta kwa kiganja. Ukuta, ukuta, ukuta. Kisha mbao. Mlango.

"Mlango, mlango,
mlango wetu ni upi?"

Mlango haukujibu. Sekela alishika komeo. Akakumbuka kijiko, kling. Akaliachia komeo haraka.

Akasimama pale. Baridi ilipanda kutoka miguuni, ikafika magotini. Machozi mawili yakatoka, na hayo angalau yalikuwa ya moto.

Hakukuwa na njia nyingine. Ilibidi apige hodi.

Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Ikatoka pumzi tupu.

Mara ya tatu akafumba macho, akagonga mbao kwa kidole. Ngo, ngo.

"Hodi," akasema.

Kimya. Kitu kikaburuzwa ndani, kruu. Nyayo zikaja. Sekela alitamani kukimbia, lakini angekimbilia wapi? Nyuma yake ulikuwa ukungu mtupu.

"Karibu," sauti ikajibu.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mzee Tweve, mwenye mchuzi wake.

"Shikamoo, Babu," Sekela akasema huku akitazama chini.

Mzee Tweve aliinama sana kumsikia. Akaitikia marahaba. Akamtazama yule mtoto aliyelowa, mwenye machozi, kisha akatazama ukungu nyuma yake. Akaelewa.

Sekela akasema samahani ya mchuzi. Ilikuwa imekaa kooni siku nyingi, ikatoka yote kwa pamoja. Mzee Tweve alikuna kichwa kama anatafuta ni mchuzi upi huo. Alipokumbuka, akacheka mpaka akakohoa. Suruali ilishafuliwa zamani, alisema. Kilichomsikitisha ni kwamba mgeni alikuja akaondoka bila kula. Akacheka tena.

Akampa kiazi kitamu cha kuchemsha, bado cha moto. Sekela alikishika kwa mikono miwili. Mikono ikapata joto, na hofu ikalegea kidogo.

Mzee Tweve akasema atampeleka kwao. Alitoka nje kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akasimama.

Juzijuzi tu ilikuwa rahisi, akakiri. Mtu akiuliza kwa Mama Sekela, anaambiwa tafuta nyumba ya kijani. Sasa hata yeye mwenyewe jana alfajiri, akitoka kazini, aliingia kwa jirani na kuvua kiatu kimoja kabla ya kushtuka kwamba mke wa jirani si mke wake.

Sekela alimtazama Mzee Tweve. Hakujua kwamba wakubwa nao hukosea mlango.

Wakashikana mikono. Wakaufuata ukuta. Ukuta, ukuta, ukuta. Mlango.

Mzee Tweve akasema apige hodi yeye Sekela, maana ndiye anayetafuta kwao. Ngo, ngo.

"Hodi."

"Karibu."

Alikuwa Mama Ambwene, na mtoto mgongoni. Akasema hapa si kwao, ni mlango unaofuata. Alipowaona walivyoloa, akajitanda kanga akatoka nao. Sasa wakawa wanne, ukimhesabu na mtoto.

Ukuta, ukuta, ukuta. Mlango. Ngo, ngo.

"Hodi."

Hakuna aliyejibu.

"Hodi," akarudia Sekela.

Kimya. Mama Ambwene akafungua komeo, kliki. Kitanda cha Sekela kilikuwepo. Chupa nyekundu ilikuwepo mezani. Walikuwa wamefika.

Sekela aliingia mbio. Alitazama mezani, akatazama nyuma ya pazia, akatazama jikoni. Jiko lilikuwa la baridi. Mama hakuwepo.

Mama Ambwene akasema kwa sauti ya chini, akidhani watoto hawasikii, kwamba wachuma chai walishaachiwa tangu ukungu uanze. Mama Sekela alitakiwa awe amefika muda mrefu.

Sekela alisikia kila neno. Hofu yote ikarudi, na sasa ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Mwanzo alikuwa amepotea yeye. Sasa alikuwa amepotea Mama.

Akaenda akasimama mlangoni. Mbele yake kulikuwa na ukungu tu, mweupe na mzito. Akatega sikio.

Ti, ti, ti. Maji yalidondoka kutoka kwenye paa.

Halafu, mbali sana, upande wa mwisho wa laini, akasikia kitu.

"Hodi," sauti ilisema. "Hodi, wenyewe. Nimekosea tena, samahani."

Ilikuwa sauti ya Mama.

Mama alikuwa anahangaika mlango kwa mlango, na alikuwa anakwenda siko. Kila hodi yake ilisikika mbali zaidi.

Sekela akamshika Mzee Tweve mkono. Akamwomba amwite, kwa sababu Mzee Tweve ana sauti ya bawabu, sauti ya kusimamisha lori. Lakini Mzee Tweve alitikisa kichwa.

"Nikiita mimi, atadhani hapa ni kwangu," alisema. "Itika wewe, mjukuu wangu. Sauti yako hakosei."

Sekela akavuta pumzi.

"Karibu," akasema. Ukungu ukaimeza ile karibu hapo hapo mlangoni.

"Karibu," akasema tena. Ilifika labda katikati ya uwanja, kwa mbuzi.

Huko mbali, sauti ya Mama ikapungua. Sekela alimfikiria Mama na tenga lake mgongoni, peke yake, akishika kuta za watu. Mama naye anaogopa, aliwaza. Hakuwahi kuwaza hivyo kabla ya siku hiyo.

Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Akajaza kifua mpaka mabega yakapanda.

"Karibuuu!"

Mtoto wa Mama Ambwene akashtuka. Mbuzi akaamka. Mzee Tweve mwenyewe akarudi nyuma hatua moja.

Huko mbali kukawa kimya. Kisha sauti ikauliza, taratibu, kama mtu asiyeamini:

"Hodi?"

"Karibuuu!"

Chwap. Chwap. Nyayo zikaanza kuja.

"Hodi?" Sasa ilikuwa karibu zaidi.

"Karibuuu!"

Chwap, chwap, chwap.

"Hodi, mwanangu?"

"Karibu, Mama. Hapa ndipo kwetu."

Ukungu ukafunguka kidogo. Likatokea tenga. Likatokea koti la mvua. Akatokea Mama, amelowa mpaka kope.

Mama alipiga magoti palepale kwenye matope na kumkumbatia Sekela. Tenga lilianguka na hakuna aliyelijali. Mama alikuwa anatetemeka, na Sekela alijua si baridi tu.

"Niliogopa," Mama akasema. "Nilidhani uko nje peke yako."

"Mimi pia niliogopa," Sekela akasema. "Nilidhani umepotea."

Wakaogopa pamoja kidogo, wamekumbatiana, mpaka hofu ikachoka yenyewe.

Bado walikuwa mlangoni waliposikia hodi nyingine kwenye ukungu. Mara nyingine tena, upande mwingine. Wachuma chai walikuwa wanarudi, na watu wa kiwandani pia, na kila mtu alikuwa ameshika ukuta wa mwenzake. Laini nzima ilikuwa imepotea nyumbani kwake.

Mama alifunika mdomo. Akaona sasa alichokuwa amekifanya kwa ukarimu wake na matone yake saba.

Sekela akamwachia Mama. Akasimama kizingitini.

"Hapa ni kwa Mama Sekela!" akaita. "Mlango wa tano kutoka bombani!"

Ukungu ukanyamaza, unafikiri. Halafu mtu mmoja akasema kama hapo ni wa tano, basi kwake ni milango miwili mbele. Mwingine akasema kwake ni mitatu nyuma. Chwap, chwap. Watu wakaifuata sauti, wakaugusa mlango wa Sekela, wakahesabu kutoka hapo.

Kliki, komeo moja. Kliki, la pili. Kliki, kliki, mpaka watu wote wakawa ndani, na moshi wa chakula ukaanza kunukia laini nzima.

Mzee Tweve akaaga, akaenda zake kulinda lango. Safari hii alihesabu milango kwa vidole.

Jioni hiyo walikunywa chai ya tangawizi. Mama akasema Jumapili atapaka mlango rangi nyingine, nyekundu au bluu, Sekela achague. Sekela alifikiri huku akipuliza kikombe.

Akasema hapana. Kijani kilichopoa ni kizuri. Akasema yeye akipotea atapiga hodi tu.

 Mama akamwongezea chai.

Sekela akapanda kitandani. Kando yake ulikuwa ukuta wa kijani, na kule chini zilionekana alama za brashi yake mwenyewe. Mama akamfunika blanketi mpaka kidevuni, akazima taa.

Nje ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya paa. Ti, ti, ti, maji yalidondoka. Sekela aliyasikiliza, na tumbo lake halikukaza.

Mama akafungua mlango wa jikoni polepole kuja kulala. Mlango ukalia, kriii.

"Karibu," Sekela akasema, macho ameyafumba, tayari yuko usingizini.

"Asante," Mama akamjibu. "Nimeshafika."

Akajilaza kando yake, wakalala.